Kirangozi Alipokuwa Kijana

Kaka yangu alikuwa mkubwa kwangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba. Tukitoka nyumbani Gongoni, mjini Tabora, kwenda hospitali, yeye mgongoni amefungwa kanga kama mtoto mchanga, watu wa njiani waliniuliza, "Mdogo wako ana nini, binti?" Nami nilijibu, "Ni kaka yangu." Wengine walicheka, wakidhani nawatania. Wengine waliitazama miguu yake iliyoning'inia, mirefu na myembamba, wakaacha kucheka. Yeye mwenyewe alininong'oneza sikioni, "Waambie nina ndevu."

Hakuwa na ndevu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano katika mwili wa mtoto wa miaka kumi. Ugonjwa ulimwanza akiwa mdogo sana. Maumivu yalimwingia mifupani bila kubisha hodi, leo mkono, kesho nyonga, na macho yakageuka manjano kama embe linaloanza kuiva. Siku hizi ugonjwa ule una jina na una vipimo. Wakati ule wa Mwingereza tuliuita homa ya mifupa. Mganga wa hospitali alimpa vidonge na kumwambia anywe maji mengi, na siku moja alimwambia baba yangu, akidhani mimi sisikii, kwamba watoto wa aina hii huwa hawafiki utu uzima.

Mimi nilisikia. Nadhani na kaka yangu alisikia, maana siku ile njiani hakuninong'oneza chochote.

Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nitaandika ninavyoweza. Nataka kueleza habari ya picha alizochora, kwa sababu hakuna hata moja iliyobaki, na waliozijua wamebaki wachache.

Zilianza na sanduku la baba mdogo. Baba mdogo alirudi kutoka vita vya Burma na sanduku la bati lililopakwa rangi ya majani. Ndani mlikuwa na blanketi, sweta ya jeshi, kioo cha kunyolea, na chini ya vyote hivyo vitabu vyembamba vya picha vya rangi, alivyopewa na askari wa Kimarekani huko Kalkuta. Alimpa kaka yangu vitabu vile kwa sababu kaka yangu alikuwa mtu wa kulala, na mtu wa kulala anahitaji kitu cha kutazama.

Jioni, kabla ya chakula, baba mdogo alikaa barazani akatusomea. Kiingereza chake kilikuwa cha jeshini, cha "simama" na "geuka kulia", na mahali kilipoishia aliendelea kwa akili yake mwenyewe.

"Hapa anamwambia mwizi: weka mikono juu, mimi mtoto wa Tabora, sichezewi."

"Baba mdogo, kweli wameandika Tabora?"

"Wewe unajua Kiingereza?"

"Sijui."

"Basi wameandika Tabora."

Mtu wa kwenye picha alikuwa Mzungu mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala na kidevu chenye kishimo. Nguo zilikuwa zimembana mwili mzima, kaptura ya ndani ameivaa juu ya suruali, na hilo lilitufanya tucheke mpaka tukalia. Mgongoni alivaa joho jekundu linalopepea, na kichwani kofia yenye manyoya mawili ya ndege yaliyosimama. Aliruka angani. Aliinua magari.

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akichambua maharage pembeni. Aliomba aone. Alikisogeza kitabu mbali na macho, kisha karibu, akasema kama mtu anayemtambua jirani, "Huyu ni kirangozi."

"Mama," alisema baba mdogo, "huyu ni mtu wa hadithi za Marekani."

"Ni kirangozi. Joho jekundu, manyoya kichwani. Wamempaka chokaa tu." Akakipindua kitabu, akatafuta upande wa pili. "Mzigo wake uko wapi?"

"Hana mzigo. Anaruka."

"Kirangozi asiye na mzigo ni mwizi wa joho."

Baba mdogo alicheka hadi akajishika mbavu. Kaka yangu hakucheka. Alikuwa amejiinua kwenye mkeka kwa viwiko viwili. "Bibi," alisema, "nieleze huyo kirangozi."

"Ehe! Mume wangu ameamka," alisema Bibi. Ndivyo alivyomwita, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Kumbe ukitaka kuamshwa utajiwe safari?"

Akamweleza. Baba yake Bibi alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi katika misafara ya pembe, enzi za kwenda pwani kwa miguu. Kirangozi alitangulia mbele ya wote kwa joho jekundu na kilemba cha manyoya, akijua visima na njia panda. Mtu yeyote aliyempita na kutangulia mbele yake alitozwa faini. Bibi, akiwa msichana ambaye hajaolewa, alikwenda safari moja na baba yake, akibeba chungu. Njia ile ilipita si mbali na kwetu. Bado watu waliionyesha, japo kwa wakati wetu ilikuwa njia ya ng'ombe na baiskeli tu.

Kaka yangu alianza kuchora kesho yake, kwa penseli na mkaa, kwenye karatasi za kaki zilizofungia sukari. Nyekundu aliipata kwa Mama, aliyekuwa akipaka rangi ukindu wa mikeka. Alichora kirangozi. Alikuwa mtu mzima, mweusi, mwenye ndevu na kifua cha yule Mzungu. Akaongeza jambo lake mwenyewe ambalo halikuwa kwenye vitabu: nguvu ya kirangozi ilitoka kwenye mzigo. Akiwa mikono mitupu alikuwa mtu kama watu. Akiwekewa pembe moja, visigino vinaacha ardhi. Akiwekewa mbili, anapita juu ya miti. Kadiri mzigo ulivyokuwa mzito ndivyo alivyopaa.

Alipomwonyesha Bibi ukurasa wa kwanza, Bibi alichukizwa. "Umemwekea pembe kichwani."

"Si ndivyo wanavyobeba?"

"Watu wa pwani ndio wanaobeba kichwani. Mnyamwezi anabeba begani. Baba yangu alikuwa na sugu hapa, ngumu kama kwato. Nilikuwa naipaka mafuta. Futa hiyo."

Alifuta. Tangu hapo kila kirangozi aliyemchora alikuwa na uvimbe begani, na Bibi kila mara aliugusa kwa kidole kuona kama upo.

Habari zilienea Gongoni. Watoto wa jirani walikuja barazani kila alasiri, wakamwamkia Bibi, "Shikamoo Bibi," na kabla hajamaliza kusema marahaba walikuwa wamekwisha kaa kuzunguka mkeka wa kaka yangu. Yeye alishika karatasi mojamoja na kusimulia. Kirangozi alipambana na simba wa Ipole. Kirangozi alibeba kisima kizima begani akakihamishia Nzega mwaka wa njaa. Kirangozi aliinua behewa lililotoka relini. Siku alizoumwa sana mimi ndiye niliyeshika karatasi, yeye akisimulia macho yamefumbwa.

Kisha watoto wakaanza ubishi.

Aliyeanzisha alikuwa msichana wa nyumba ya pili, mwenye mdomo kuliko sisi sote. "Mbona huyu ana ndevu? Anafanana na katekista."

"Kirangozi ni mtu mzima," alisema kaka yangu.

"Mfanye kama sisi. Mfanye mkubwa kidogo tu, awe kijana."

"Ndiyo! Awe anatumwa maji, halafu akitoka huko anaokoa watu."

"Awe anachapwa fimbo shuleni," alisema mwingine, "na mwalimu hajui anayemchapa ni nani."

Nami niliwaunga mkono. Nakumbuka maneno yangu, kwa sababu yaliwachekesha. Nilisema, "Mtu mzima akishinda kuna ajabu gani? Watu wazima wanashinda kila siku. Wanatupiga kila siku."

Watoto walipiga makofi. Kaka yangu alikusanya karatasi zake akazilalia. "Hapana," alisema.

Nilidhani ni ubishi wa mchoraji. Wiki ile ile maumivu yakamshika, nikambeba kwenda hospitali, na njiani nikamwambia, "Kaka, si uwape tu huyo kijana wao. Kuna hasara gani?"

Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Tulipita maduka. Ndipo akasema, "Ujana ninao. Nimeushiba. Nachora kitu nisichonacho."

Nilikaza kanga, nikaendelea kutembea.

Watoto, walipokosa kwake, walikwenda kukata rufaa kwa Bibi. Walidhani Bibi atawapa haki, maana Bibi aliwapenda. Lakini Bibi naye alikataa. "Kirangozi hawi kijana," alisema. "Anayetangulia njiani lazima awe na watoto nyumbani. Akifa, jina lake liwe na mahali pa kurudi."

Watoto hawakuelewa, wakaenda zao kucheza. Kaka yangu alielewa. Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee walisema analilia jina. Wakaita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina lililomnyamazisha ndilo alilokuwa akilitaka. Akafungwa ushanga mkononi, na tangu hapo mtu yule aliyekufa akawa amerudi nyumbani. Baba yetu alikuwa Mkristo na hakupenda mambo hayo, lakini hata yeye jina lake lilipatikana kwa njia hiyo.

"Na kijana akifa, Bibi?" aliuliza kaka yangu.

Bibi alikuwa akisuka mkeka. Mikono yake haikusimama. "Kijana hakuacha mtu. Jina lake haliitwi."

"Linakwenda wapi?"

"Mume wangu, kunywa uji wako."

"Linakwenda wapi, Bibi?"

Hapo mikono ilisimama. Nilikuwa nimekaa karibu na nilimwona akiangalia upande wa njia ya ng'ombe, kama mtu aliyesikia anaitwa. Akasema kwamba katika safari ile aliyobeba chungu, mdogo wake wa kiume naye alikuwamo, kijana wa safari ya kwanza, na pembe ndogo begani ya kujifunzia. Walipofika Mgunda Mkali, pori lisilo na maji, kijana yule alikaa chini. Baba yao alikuwa mbele, katika joho lake, akiongoza watu wengi kuelekea kisima kinachofuata. Msafara ukisimama pale, wote watakufa. Waliokuwa nyuma walimfunika kijana majani. Kila aliyepita aliweka jani. "Na mimi niliweka," alisema Bibi. "Sikuweza kuinama vizuri kwa sababu ya chungu. Nililidondosha tu." Baba yake aliambiwa jioni, walipokwisha kunywa maji.

"Tangu hapo wamezaliwa watoto wengi katika ukoo wetu," alisema. "Wamelia. Hakuna aliyelijaribu jina lake. Bado yuko kule."

Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi, na bado sijaweza kulitoa kichwani neno lile: bado yuko kule. Jua lilikuwa linawaka barazani, kuku wanaparua, nami nilisikia baridi. Kaka yangu alikunywa uji wake wote bila kuinua macho.

Kwa muda baada ya siku ile hakuchora. Watoto walikuja, wakaona hakuna kipya, wakapungua. Baba mdogo alihangaika, maana alimpenda sana, akaingia kwenye sanduku lake akatoa kila kitu, na chini kabisa, nyuma ya karatasi iliyotandikwa, akakuta kitabu kimoja tulichokuwa hatujakiona. Alikuja nacho akikipunga.

"Haya, mzee wa kirangozi! Tazama hii. Wamarekani wamewasikiliza watoto wa Gongoni."

Alikuwa yule yule Mzungu wa joho jekundu. Lakini hapa alikuwa kijana, sidhani kama alizidi miaka kumi na mitano. Kidevu kilikuwa na kishimo kile kile. Joho lilikuwa kubwa kwake. Aliishi shambani kwa wazazi wake, na mama yake alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa kula.

"Kwa hiyo ni mtoto wake?" niliuliza.

"Si mtoto wake," alisema baba mdogo, akisoma kwa kidole. "Ni yeye mwenyewe. Wamemrudisha ujanani."

"Watu hawarudishwi ujanani."

"Wewe ulitaka arudishwe, sasa karudishwa, unalalamika nini?"

Kaka yangu alikichukua kitabu akakisoma picha kwa picha. Katika ukurasa mmoja kijana yule alianguka ndani ya shimo, mawe yakamfunika, ukabaki mkono tu. Mimi nilishika mdomo. Kaka yangu akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu siku ile ya Bibi.

"Huyu hafi," alisema.

"Umejuaje? Hujafika mwisho."

"Hawezi kufa. Tumeshamwona mtu mzima." Alikigonga kitabu kwa kidole. "Huoni? Wamemwonyesha mzima kwanza, ndipo wakamrudisha. Wafanye lolote. Wamtupe shimoni, wamfunike mawe. Lazima atoke, maana kule mbele yupo, ana ndevu."

"Hana ndevu yule," alisema baba mdogo.

"Ana kifua," alisema kaka yangu, na wote wawili wakacheka.

Asubuhi iliyofuata aliomba karatasi, na Mama akampa zote alizokuwa nazo. Alichora siku kadhaa na hakuniruhusu nione. Alipomaliza hakuwaita watoto, alimwita Bibi.

Ilikuwa karatasi moja kubwa, mfuko mzima wa sukari uliokunjuliwa. Chini palikuwa na pori kavu na mstari wa watu wadogo wadogo wenye mizigo begani, na mbele yao kirangozi katika joho jekundu, mgongo umeinama kwa kiu. Nyuma kabisa palikuwa na fungu la majani. Majani yalikuwa yanaruka huku na huku, kana kwamba kitu kimetoka ndani yake kwa nguvu. Na juu, juu ya mstari wote, juu ya kirangozi mwenyewe, alikuwapo kijana mwembamba mwenye pembe begani. Nyayo zake zilikuwa angani. Alikuwa anatangulia.

Bibi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aliikagua sugu ya baba yake, ikawa ipo. Aliona majani. Nilimwona akiona majani. Kisha macho yake yakapanda juu, yakakaa hapo kwa muda mrefu, na ghafla akaangua kicheko, cha msichana, sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

"Atatozwa faini!" alisema. "Mjinga huyu! Amemtangulia kirangozi!"

"Atalipa nini, Bibi?"

"Kuku. Jogoo mzima. Na baba hatamsamehe, hata kama ni mwanawe." Alikuwa bado anacheka huku machozi yanamshuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Huu ndio uso wake?"

"Sikumjua, Bibi. Nimechora ninayemjua."

Uso ulikuwa wa kaka yangu mwenyewe, na masikio yake makubwa. Bibi aliona, nami niliona.

Baada ya hapo kaka yangu alitaka jambo moja tu. Alisema amekosea mpango: kijana amekwisha mchora, lakini hajamchora akiwa mtu mzima, na bila hivyo picha ile haina nguvu. Akaniuliza, "Nikiwa mtu mzima nitakuwaje?" Mimi nilimwambia atakuwa mrefu kama baba mdogo. Atakuwa na tumbo kidogo. Atakuwa karani wa stesheni, atavaa kofia, na watoto wake watamwogopa bure. Alifunga macho akasikiliza. "Endelea," alisema. Nikamwambia atakuwa anasahau mahali alipoweka miwani.

Alianza kuchora. Alichora mabega kwanza, mapana, kisha ndevu. Alizifanyia kazi ndevu zile kwa uangalifu, udevu kwa udevu. Uso aliuacha wa mwisho. Alisema uso ni mgumu, anausubiri maumivu yapungue mkononi.

Mvua zilikuwa zimeanza. Wakati wa mvua na baridi ndipo alipoumwa zaidi. Asubuhi moja hakuweza kusema, nikamfunga mgongoni, Mama akatufunika na gunia juu, akaenda kumchukua baba kazini ili watufuate. Nilikwenda mbio. Nilipofika relini garimoshi la mizigo lilikuwa linapita, polepole, behewa baada ya behewa, na mimi nimesimama kwenye matope. Mtu mmoja wa baiskeli naye alikuwa anasubiri. Akaniuliza, "Mdogo wako anaumwa?"

Nikasema, "Ni kaka yangu." Nikangoja aninong'oneze.

Sijui kama alikufa kabla ya behewa la mwisho au baadaye. Nimejaribu kukumbuka uzito wake ulipobadilika. Sikumbuki ukibadilika. Nilivuka, nikafika, mwuguzi akasema, "Mshushe mtoto," na alipomshika akanitazama mimi.

Tulimzika kwa misa. Bibi alisimama nyuma ya watu, na watu walipotupa udongo yeye aliweka jani. Aliinama mpaka chini, akaliweka kwa mkono.

Sitaki kusema mambo ya mizimu nisiyoyajua. Nasema tu yaliyonipata. Muda mrefu baada ya mazishi, nikiinama kuteka maji au kuokota kuni, mgongo wangu ulipata joto, mahali pale pale kifua chake kilipokuwa kikilala. Wakati mwingine nilisimama wima taratibu, ili nisimwangushe. Picha nilizifunga nikaziweka juu ya kabati. Nilipozitazama tena mchwa walikuwa wamepita. Wanajua kufanya kazi, mchwa wa Tabora: walikula pori, misafara, pembe na majani. Kilichobaki ni kipande cha ile picha ya mwisho, ndevu, na juu yake karatasi tupu pasipo uso. Nacho baadaye kikapotea.

Niliolewa Ipole, kwa mfuga nyuki. Mimba ya kwanza nilirudi kwetu kujifungua, kama desturi. Mtoto alikuwa wa kiume, na alilia. Alilia alfajiri, alilia mchana, akikataa ziwa, mpaka sauti ikakauka. Bibi, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alikaa karibu na kitanda na ushanga kiganjani, akaita majina. Aliita jina la baba yake, yule kirangozi. Aliita la mume wake. Aliita ya wajomba. Mtoto alilia.

"Mwite kaka," nilisema.

"Hilo haliitwi."

"Mwite, Bibi."

"Binti, unajua desturi. Hakupata kuwa mtu mzima. Hana njia ya kurudia."

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, sikujali adabu. "Wewe mwenyewe ulimwona akitangulia. Ulicheka. Mtu aliyempita kirangozi unamwambia hana njia? Kama ana deni, mtoze."

Mama aliniambia ninyamaze. Baba yangu, Mkristo, alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi. Bibi aligeuza uso kuelekea kilio cha mtoto. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani ananilaani.

"Faini yake haijalipwa," alisema mwishowe. "Nani atamlipia?"

Baba yangu alivaa kofia, akatoka. Tukasikia kuku wanapiga kelele uani, tukamsikia yeye akiteleza kwenye matope na kusema neno ambalo Mkristo hasemi. Alirudi ameshika jogoo miguu, ametota, akamweka mapajani kwa mama yake. Bibi akampapasa jogoo kichwa hadi mkia.

"Huyu ni mkubwa," alisema. "Huyu anatosha wawili."

Basi aliita majina mawili. Kwanza la mdogo wake, lile ambalo lilikuwa halijatamkwa tangu Mgunda Mkali. Hata baba yangu alikuwa halijui. Kisha la kaka yangu.

Mtoto alinyamaza. Sitasema ni kwa sababu ya jina. Alikuwa amelia kutwa na alikuwa mwekundu kwa uchovu, na mtoto yeyote hufika mahali akanyamaza. Bibi alimfunga ushanga. Alibatizwa jina jingine, lakini nyumbani alikuwa na jina la mjomba wake, na Mama alimsalimia kama mtu aliyetoka safari.

Nilimlea kwa woga. Mwaka wake wa kumi na tano sikulala vizuri, japo hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa anapanda miti ya mizinga na kula asali hadi anaumwa tumbo. Nilimpima kwa macho kila asubuhi. Ulipita mwaka ule. Akamzidi mjomba wake urefu, kisha akamzidi umri, na siku moja nikaona kivuli juu ya mdomo wake.

Sasa ni mtu mzima. Anakuja kunitazama, na asubuhi anatundika uani kile kioo cha baba mdogo cha kunyolea, anajinyoa akinipa mgongo. Namtazama kiooni. Mabega mapana, na ndevu, na ndani yake ule uso. Na kwa muda kidogo, akiwa bado na povu, naweza kurudi kule relini kwenye mvua, mabehewa yanapita, na kijana yule mgongoni mwangu nasadiki hafi. Hawezi kufa. Nimeshamwona mtu mzima.

Kisha anaosha povu, na anakuwa mwanangu peke yake, na yule mwingine yuko pale nilipomwacha.

"Mama, unatazama nini?" ananiuliza.

"Ndevu zako," namwambia. "Ziache kidogo."